Wakili unaye, lakini nani anausimamia mkataba?

Ndugu yangu, umeuliza kama kampuni yako ya ujenzi hapo Kampala inahitaji msimamizi wa mikataba ilhali wakili tayari unaye. Kwa maoni yangu inamhitaji, tena haraka kama una miradi kadhaa kwa wakati mmoja. Wakili huandaa mkataba na kuukagua. Baada ya sahihi kutiwa, nani anafuatilia tarehe za malipo, dhamana inayokaribia kuisha, au notisi inayotakiwa ndani ya siku fulani?

Hasara kubwa huwa kwenye mabadiliko. Mteja anapiga simu: "Niongezeeni ukuta upande wa nyuma." Kesho yake mafundi wanachimba msingi. Msimamizi makini atasimamisha kazi hiyo mpaka iwepo barua yenye bei, siku za nyongeza na sahihi ya mteja. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 yenyewe inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, kwa hiyo maneno ya simu usiyategemee kabisa.

Ukipata zabuni ya serikali, taasisi husika nayo huwa na msimamizi wake wa mkataba. Anakagua kazi yako kabla hujalipwa, nawe unahitaji mtu wa kukaa naye mezani akiwa na kumbukumbu kamili.

Kama bajeti hairuhusu kuajiri, mkabidhi mkadiriaji majenzi wako (yule anayekokotoa gharama za ujenzi) jukumu hilo kwa barua rasmi. Ila asiwe yeye huyohuyo anayeidhinisha malipo.