Kabla ya kuimarisha udongo, fahamu chanzo cha udhaifu wake

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya usimamizi wa misingi ya majengo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msikimbilie kuuliza mtaongeza nini kwenye udongo kabla ya kujua udhaifu wake unatokana na nini. Mchanga mlegevu ni dhaifu kwa sababu chembe zake zimeachana. Mfinyanzi laini ni dhaifu kwa sababu umejaa maji yasiyopata njia ya kutoka. Na upo mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu hata sururu ikadunda, lakini mvua zikinyesha huvimba na kuinua kuta. Dawa inayoufaa udongo mmoja yaweza kuwa kazi bure kwenye mwingine.

Uchunguzi ufike kina cha kutosha. Mkazo unaotokana na msingi wa mraba huendelea kuhisika hadi kina cha takriban mara mbili ya upana wake, kwa hiyo msingi wenye upana wa mita 2 unahusika na udongo ulio mita 4 chini yake. Nimeona watu wakishindilia tabaka la juu kwa bidii kubwa huku tope likiwa limelala mita moja tu chini ya hapo, na kazi yote hiyo haikuligusa.

Udongo wa chembechembe, kama mchanga na changarawe, hunufaika sana na kushindiliwa. Tangu Proctor, mhandisi wa Marekani, alipochapisha kazi yake mwaka 1933, inafahamika kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambacho, kwa nguvu ileile ya kushindilia, huupatia msongamano mkubwa kuliko viwango vingine vyote. Tandazeni tabaka nyembamba, kwa kawaida milimita 150 hadi 300, na msiruhusu tabaka jipya kumwagwa kabla lililo chini halijapimwa na kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, ambacho mara nyingi ni asilimia 95 ya msongamano mkubwa kabisa uliopatikana maabara au zaidi. Mchanga mlegevu uliojaa maji usidharauliwe hata kidogo pale penye matetemeko: mjini Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake uligeuka kama uji, ilhali kuta zake zilibaki karibu nzima.

Mfinyanzi laini ndio unaodai subira, na kwa maoni yangu ndipo wageni wa kazi hii hushindwa zaidi. Roli ya kushindilia haitausaidia, kwa kuwa maji hayatoki kwa kupigwa. Hutoka polepole chini ya mzigo unaodumu. Njia iliyozoeleka ni kurundika kifusi juu ya kiwanja kabla ya ujenzi, ili udongo utitie, yaani ubonyee na kushuka, mapema badala ya kutitia jengo likiwa juu yake. Muda wa kusubiri hutegemea mraba wa umbali ambao maji yanasafiri: umbali ukipungua kwa nusu, muda hushuka hadi robo. Hii ndiyo sababu hupachikwa mifereji ya wima iliyokaribiana, maana kazi ambayo ingechukua miaka huweza kumalizika kwa miezi. Mkandarasi atataka kuondoa kifusi mapema kwa sababu ya ratiba. Msikubali mpaka vipimo vya kutitia vionyeshe kwamba kasi imepungua hadi kiwango alichokubali mhandisi wa udongo.

Chokaa huufaa mfinyanzi kwa sababu hubadilisha tabia ya chembe zake na kupunguza uvimbaji, wakati saruji hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mchanga. Kiasi kiamuliwe na maabara, na salfeti, aina ya chumvi zilizomo udongoni, zipimwe kwanza, kwani zikikutana na chokaa zinaweza kuzalisha madini yanayovimba kupita mfinyanzi wenyewe. Udongo wenye mboji nyingi ni afadhali kuuchimba na kuutupa, ikiwa si wa kina kirefu.

Baada ya hayo, wekeni alama za vipimo kwenye pembe zote za jengo na mzisome tangu msingi unapomwagwa. Jengo linalotitia kwa usawa huvumilia mengi. Linalopasuka ni lile ambalo pembe moja imetangulia kushuka, na tofauti hiyo huonekana kwenye daftari la vipimo kabla haijaonekana ukutani.