Ukikwama kutunga, anza na noti mbili

Mwaka ule nilioombwa kutunga wimbo wa jubilei ya kwaya yetu, nilikaa miezi saba bila kupata hata kiitikio. Kila jioni nafungua daftari la solfa, naandika mistari miwili, nafuta. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilianza kukwepa mazoezi kwa kusingizia mafua, mimi mwalimu wa kwaya, na waimbaji wananisubiri. Aliyeninasua ni mtunzi mzee wa Kihungari ambaye sijawahi kuonana naye, György Kurtág. Nawaandikia watunzi wenzangu, hasa nyie mliofikia mahali pa kuliogopa daftari.

Nilimkuta YouTube usiku mmoja nikitafuta Bach. Wazee wawili, mume na mke, wamekaa bega kwa bega kwenye piano ndogo ya kusimama, wamewapa wasikilizaji mgongo. Wanapiga kwa mikono minne Sonatina ya Bach, ule utangulizi wa ala wa kantata yake ya msiba (kantata ni kazi ndefu ya waimbaji na ala), jinsi Kurtág alivyoipanga upya kwa ajili ya watu wawili. Piano yenyewe wameiziba kwa ile pedali inayoshusha kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, ambayo watu huitumia wakifanya mazoezi usiku ili wasiwasumbue majirani. Nilirudia mara nne. Sikuwa najua kwamba muziki mdogo namna ile unaweza kumjaza mtu kifua.

Basi nikaanza kumfuatilia. Alizaliwa mwaka 1926 Lugoj, Romania, katika familia ya Kihungari. Mwaka 1946 akahamia Budapest kusoma katika Chuo cha Muziki cha Liszt. Ndoto yake ilikuwa kusoma kwa Béla Bartók, mtunzi mkubwa wa Kihungari, lakini Bartók alikuwa amefia New York mwaka mmoja kabla. Mwaka 1947 akamwoa Márta, mpiga piano mwenzake. Mwaka 1956 Wahungari wakainuka dhidi ya utawala, vifaru vya Kisovieti vikawazima, na mwaka uliofuata Kurtág akapata nafasi ya kwenda kusoma Paris. Ana miaka 31, na ameshatunga vya kutosha. Akifika huko, anakauka kabisa. Hawezi kuandika, anazama katika huzuni nzito.

Hapo ndipo naomba usome polepole. Alikwenda kwa mwanasaikolojia, Marianne Stein, aliyezoea kuwasaidia wasanii. Yule mama hakumwambia atunge simfonia ya kuwanyamazisha wenye shaka. Alimwambia aunganishe noti mbili. Mbili tu. Kurtág akashuka chini zaidi ya hapo: akachukua njiti za kiberiti akawa anapanga maumbo madogo yenye pembe. Akanakili kwa mkono kazi za Webern, mtunzi wa Austria aliyeandika vipande vifupi sana, noti moja baada ya nyingine. Aliporudi Budapest akaandika kazi ya fidla mbili, viola na selo, sehemu sita, jumla kama dakika 14. Akaikamilisha mwaka 1959, akaiita Opus 1, yaani kazi namba moja, na kumtunukia Marianne Stein. Vile vya zamani vyote aliviacha nyuma ya mstari huo, akahesabu upya kuanzia moja akiwa na miaka 33.

Mimi nilifanya hivi. Niliweka pembeni mashairi yote niliyopewa, nikabaki na neno moja: Bwana. Na noti mbili: so na la. Siku tatu niliimba so kwa "Bwa" na la kwa "na", na kila mara kuna kitu kinagoma. Siku ya nne nikasikia kosa. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mimi nilikuwa naupandisha mkia wa neno. Nikageuza: la, so. Neno likapumua. Miaka yote nimefundisha kwaya, na sikuwahi kukaa na neno moja muda wa kutosha kulisikia hivyo. Ushauri wangu ni huo: usitafute wimbo, tafuta noti mbili zinazokubaliana na neno moja, na usisogee mpaka zikubaliane kweli.

Jambo la pili linawahusu wanaofundisha watoto. Tangu mwaka 1973 Kurtág amekuwa akiandika mkusanyiko wa vipande vya piano uitwao Játékok, yaani Michezo. Mtoto anapiga kwa kiganja, kwa ngumi, hata kwa mkono mzima mpaka kiwiko, kama anavyofanya mtoto yeyote anayeikuta piano wazi. Kimo humo kipande chenye noti saba tu, chenye jina linalosema mwanadamu ni ua, maneno aliyoyatoa kwa mhubiri wa Kihungari wa karne ya 16. Zamani mtoto akipiga kibodi kwa kiganja nilimkaripia. Siku hizi namwambia: piga tena, usiinue mkono, sikiliza mpaka sauti iishe. Wa miaka sita anainamisha sikio hadi karibu liguse vibonye.

Usiogope muda pia. Akiwa kule Paris mwaka 1957 Kurtág aliona mchezo wa kuigiza wa mwandishi Samuel Beckett, Fin de partie. Opera yake juu ya mchezo huo ilionyeshwa katika jumba la opera la La Scala, Milano, Novemba 2018. Alikuwa na miaka 92. Márta, msikilizaji wake wa kwanza kwa miaka zaidi ya 70, alifariki mwaka uliofuata.

Wimbo wetu wa jubilei ulitoka na dakika tatu, na unaanza kwa la, so. Wewe anza na ile Sonatina ya mikono minne kabla ya kazi zake ngumu. Kafka-Fragmente, ya soprano na fidla, ina vipande 40 na inaweza kusubiri. Sikiliza usiku, na uzime pangaboi kwanza, maana noti za mwisho ni ndogo kiasi kwamba upepo wake unazifunika.