Pasiansi au Mweka, na baada ya hapo wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na naishi Igombe hapa Mwanza. Nataka kusomea wanyamapori, ila sijui nianzie chuo cha Pasiansi au niende cha Mweka. Ndoto yangu ni kufanya kazi Serengeti. Mama yangu, anayeuza dagaa mwaloni, anasema porini si mahali pa mtoto wa kike. Nifanyeje? – Binti wa Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hata mimi nililelewa kwa pesa ya dagaa.

Vyuo kwanza. Pasiansi ipo tangu 1966, na kutoka kwenu unapanda daladala tu. Inafundisha astashahada na stashahada, na uzito wake uko kwenye ulinzi na sheria: kwata, silaha, doria, namna ya kumkamata jangili na kuandaa ushahidi usioanguka mahakamani. Mweka, kule Moshi, ilianza 1963 na inakufikisha hadi shahada. Huko utasoma zaidi mipango ya hifadhi, ikolojia na utalii. Ningekuwa wewe ningeanza Pasiansi. Ada na nauli ni mzigo kwa mama yako, halafu anayejua kusoma nyayo kabla ya kusoma ramani hupata faida huko mbele. Shahada haikimbii.

Sasa Serengeti. Ndiyo, ni kilomita za mraba 14,763, na lango la Ndabaka liko barabara hii hii ya kwenda Musoma. Lakini elewa kwamba wewe unachagua mwajiri, kituo utapangiwa. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa: Serengeti, Rubondo yenye wale sokwe walioletwa kutoka Ulaya kuanzia 1966, hata Saanane hapo mjini. Mapori ya akiba na mapori tengefu yako chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Halafu kuna halmashauri, ambako afisa wanyamapori anahangaika na tembo, mamba na viboko walioingia kwa watu. Vijana wengi huipita hiyo ya tatu kama hawaioni, na inaniuma, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilipoajiriwa nilipelekwa wilaya moja ya huku ziwani. Wiki ya pili tu niliitwa kijijini. Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka shambani bila salamu. Katikati ya matuta ya viazi palikuwa na unyayo mpana kama sahani, vidole vinne vimezama kwenye udongo mbichi, na matuta matano yamelala chini. "Mnyama wenu," akasema. Wenu! Neno hilo sijalisahau. Mkubwa wangu alitaka kiboko apigwe risasi, basi. Mimi niliomba siku tatu. Nikafuata njia yake asubuhi na jioni, nikakuta inatoka majini palepale wanapochota maji kina mama. Kiboko hutoka usiku kula majani na alfajiri hurudi ziwani kwa njia ileile. Ukisimama kati yake na maji, umemzibia mlango. Tulikaa na serikali ya kijiji, mahali pa kuchotea maji pakahamishwa kama hatua mia mbili, na wavuvi wakakubali kutofunga mitumbwi hapo alfajiri. Kiboko hakupigwa, wala hapakuwa na msiba.

Viazi vya yule mama havikurudi. Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au familia iliyofiwa, lakini hiyo si fidia ya thamani yote, na wewe ndiye utakayemweleza hivyo mtu aliyepoteza chakula cha miezi. Jifunze kumweleza ukiwa umekaa chini naye, shambani, kabla hujamtolea fomu.

Kuhusu mama yako: usibishane naye. Ni kweli porini kuna hatari, kuna kulala nje, kuna majangili wenye silaha. Lakini katika vijiji vya ziwani wanaochota maji na kulima viazi ni wanawake, na waliniambia mambo ambayo wenzangu wanaume hawakuwahi kuambiwa.

Jumamosi hii panda boti uende Saanane, ni dakika chache tu kutoka mjini. Beba daftari. Kaa karibu na miamba saa moja nzima uhesabu pimbi: wangapi, saa ngapi, juu ya mwamba au kwenye nyufa, nani anatangulia kukimbia kivuli cha ndege kikipita. Jumamosi inayofuata rudi saa ileile uhesabu tena. Safari ya pili mpeleke na mama yako, aione kazi unayoitaka kwa macho yake.