Kwa TK wapya, kabla sijawafokea tena

Jumamosi iliyopita, kwenye yale matembezi ya hisani, nilimkuta mdogo wetu mmoja amekwama kwenye mlango wa Corolla. Amevaa magamba yote ya TK, yule askari mweupe wa filamu za Star Wars, shingoni hadi ugokoni. Mguu mmoja ndani, mwingine nje, na paja la plastiki limeng'ang'ania fremu ya mlango kama ufunguo uliovunjikia kwenye kufuli. Pembeni yake kasimama mtoto wa miaka kama mitano, analamba aiskrimu, anamweleza mama yake kwamba askari huyu ameharibika.

Nilicheka mpaka ndoo yangu, yaani helmeti, ikajaa ukungu. Kisha nikakasirika, maana jambo hilohilo niliwaambia nyote watatu mwezi wa tatu, kwangu, mkila wali wa nazi: TK haketi. Haketi kwenye kiti, haketi kwenye gari, haketi popote. Magamba huvuliwa kwanza, yanawekwa kwenye boksi, ndipo dereva anapewa ufunguo.

Kwa hiyo naandika, nikifoka tena niwe na ushahidi. Wewe wa Mombasa, wewe wa Mwanza na wewe wa Bukavu: GML, mkaguzi wetu wa mavazi, amewapitisha, namba za uanachama mnazo, na CRL, ule mwongozo wa vazi, mmeikariri kuliko mimi. Juzi mmebishana nusu saa nzima kuhusu michirizi ya bluu kwenye mashavu ya ndoo, mingapi na inaanzia wapi. Vizuri. Lakini sijawahi kuona mtoto akihesabu michirizi.

1. Joto. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilifika Houston nikijiambia kwamba joto halina la kunifundisha. Julai ya kwanza, dakika ya 40 ya gwaride, nikaanza kuona watu wawiliwawili. Ndani ya plastiki ya ABS jasho halina pa kwenda. Linateremka taratibu hadi kwenye buti, na ukitembea unasikia chwa, chwa, chwa kama mtu aliyetoka kuvua pweza. Maji yanywe tangu jana yake. Feni mbili ndani ya ndoo, betri mpya kila trupu, yaani kila tunapotoka na magamba. Basi.

2. Hendla. Ukishavaa ndoo unaona mbele tu, tena kwa tundu dogo. Huoni kifua chako, huoni miguu yako, na mtoto aliye chini ya kiuno kwako hayupo duniani. Hendla, yule msindikizaji asiyevaa magamba, ndiye macho yako. Wewe wa Mombasa, hendla wako siku ile alikuwa kwenye foleni ya chipsi! Nimemwona kwa macho yangu, ana ketchup shatini. Nitalirudia hili mbele.

3. Kupiga goti. Goti la kushoto ndilo lenye lile bamba, kwa hiyo shuka na hilo. Ukishuka na la kulia, magamba yatakung'ata nyuma ya goti, na utatoa sauti ambayo hakuna askari wa dola la anga aliyewahi kuitoa. Mtoto anayekuogopa usimfuate. Punga mkono, geukia wengine, jifanye humwoni. Wapo wanaohitaji dakika 20 kisha wanakuja kukugusa kidole kimoja na kutimua mbio, na hiyo kwao ni ziara kamili.

4. Pesa. Hapa nacheka tena, nisameheni. Wewe wa Mwanza, kwenye ile bethdei ulipigiwa sebene, ukacheza (magamba yanapiga kelele kama sufuria zinazoanguka kabatini), akina mama wakaanza kukutunza. Noti za dola zikabandikwa kwenye ndoo, zikachomekwa kwenye mkanda, moja ikaingia kwenye tundu la shingo na hadi leo hatujui iliishia wapi. Najua kwetu kukataa tuzo ni kumdharau anayekutunza. Lakini hatupokei. Wahusika hawa si wetu, ni wa Lucasfilm, wenye filamu, na sababu kubwa ya kuachiwa tuwavae hadharani ni kwamba hatuwageuzi biashara. Mwenye shughuli akitaka kutoa, atoe kwa shirika la hisani. Noti zilizobandikwa, hendla azikusanye palepale azikabidhi kwa mwenye shughuli mbele za watu, kwa tabasamu, ili shangazi asinune.

Anayeona hili ni la kizamani akumbuke lilikoanzia. Albin Johnson wa South Carolina alikuwa ameshapoteza mguu kwa ajali ya gari pale alipoanzisha Legioni ya 501, chama chetu hiki, mwaka 1997. Baadaye binti yake Katie akaugua saratani ya ubongo, na wajenzi wa roboti wakamtengenezea R2 wa kwake, kama yule roboti wa filamu, ila wa rangi ya waridi, R2-KT. Katie alifariki mwaka 2005. Roboti yule ameendelea kuzunguka kwenye hospitali na shughuli za kuchangia watoto wagonjwa. Huo ndio ukoo mliojiunga nao, halafu unaniuliza kama noti ya ishirini unaweza kuibakiza ya mafuta ya gari.

5. Blasta, ile bunduki yetu ya bandia.

Jumamosi hiyohiyo niliona mmoja wenu, simtaji, anatokea nyuma ya mkokoteni wa mtoto, blasta imenyooshwa, anapaza sauti kwa spika ya kifuani. Watoto walicheka. Baba mmoja hakucheka, ila hilo hukuliona kwa sababu ya namba 2. Baadaye wewe wa Bukavu ukaniuliza, "Yaya, blasta yako iko wapi?" (Ananiita yaya kwa heshima ya Kikongo, kaka mkubwa. Sisi wa pwani yaya ni mlezi wa watoto, na kwa kazi niliyonayo na nyie, sawa tu.) Nikakujibu iko kwa fundi. Nilikudanganya. Iko kabatini, chini ya mablanketi, na hii ndiyo sababu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Ukumbi wa kanisa, hafla ya kuwakaribisha watoto wa familia zilizotoka kuhamia, kila mtoto apewe begi la shule na madaftari. Wengi walitoka Kongo wakipitia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Waandaaji waliniomba mimi kwa jina kwa sababu nasema Kiswahili. Kichwa kikavimba hadi ndoo ikanibana. Hendla wangu alikuwa kazini siku hiyo, nikajiambia ni saa moja tu, na hawa ni watu wangu, hendla wa nini? Kuhusu blasta sikumuuliza mtu. Picha bila blasta huwa zinapoa, na mimi nilitaka picha.

Mnajua ile E-11, blasta ya TK, ilivyotengenezwa kwenye filamu. Walichukua bunduki ya kweli ya Kiingereza, Sterling, wakaibandika vikorokoro. Tulikuwa tukilisema hilo kwa fahari kwenye meza za maonyesho: ya kwetu ni resini na bomba la plastiki, lakini umbo lake ni halisi kabisa. Halisi kabisa. Nililisema mara nyingi bila kulisikiliza.

Niliingia kwa mlango wa jikoni, nyuma ya watoto, ili niwashtue. Spika nimeifungua mwisho. Nikabonyeza swichi, ule mkwaruzo wa redio ukatoka, nikasema nilichokuwa nasema kwenye kila bethdei: hakuna kusogea! Kwingine kote watoto hupiga mayowe na kunirukia. Pale ukumbi ukanyamaza. Kwenye lenzi niliona akina mama wakisimama, mmoja baada ya mwingine, nikadhani wamependezwa. Mnaona nilivyokuwa mjinga? Nilidhani wamependezwa.

Nikapiga hatua mbili. Ya tatu, buti likagusa kitu laini.

Nikainamisha kichwa kutazama, ndoo ikagota kifuani, sikuona kitu. Ikabidi nirudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi sakafu ikaingia kwenye lenzi. Alikuwa mvulana wa miaka kama minane, amelala kifudifudi kwenye vigae, vidole vya mikono miwili vimefungamana kisogoni. Halii. Hatikisiki. Begi jipya liko mgongoni, na karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye zipu.

Hakuna aliyemfundisha kulala vile kwenye mchezo.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Niliweka blasta chini, nikavua ndoo katikati ya ukumbi, nikapiga goti, la kulia, gamba likanikata nyama na sikujali, nikaanza kumbembeleza kwa Kiswahili changu kizuri cha Tanga. Usiogope mwanangu, mimi ni mtu tu, nitazame. Nilikuwa na hakika lugha itamtuliza. Ndiyo maana waliniita mimi, siyo? Kumbe kila neno linamdidimiza. Alikaza vidole kisogoni hadi kucha zikawa nyeupe.

Akaja bibi yake, wenyewe wanasema koko, kajifunga kitenge cha manjano. Hakunitazama. Alikaa chini kwenye vigae pembeni ya mtoto, akaweka kiganja juu ya lile begi, akawa anazungumza naye polepole, sikusikia nini. Sijui zilipita dakika ngapi. Hatimaye mtoto akageuza shavu upande wake, kisha akakaa.

Nilimfuata koko jikoni kuomba radhi. Nikajieleza kwamba nilidhani akisikia Kiswahili atajua mimi ni wa kwao. Alikuwa anapakua sombe, hakuacha kupakua. Akasema, "Basoda nabo banasemaka Kiswahili." Yaani, wanajeshi nao husema Kiswahili.

Basi, hilo tu. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Nikaenda kuvua magamba kwenye maegesho. Mnajua bila mtu wa kukufungua mgongoni ni kazi ya kujikunja kama paka aliyeingia kwenye chupi ya mtu. Nilikaa nayo karibu nusu saa, jasho na kamasi, na sikuwa na wa kumlaumu kwa kukosa hendla. Niliporudi ndani nimevaa ile nguo nyeusi tu, nikifanana na mzamiaji aliyepotea njia, yule mvulana alikuwa anakula. Ndoo yangu mtu alikuwa ameiokota, kaiweka kwenye meza karibu na mlango, uso unatazama ukumbi. Kila akiweka tonge mdomoni anaitupia jicho. Mwishowe akaacha sahani, akaiendea, akaisukuma kwa kidole kimoja, kidogokidogo, mpaka ikatazama ukuta. Akarudi kumalizia chakula.

Niliiacha hivyohivyo hadi watu wote walipoondoka.

Usiku ule nilimwandikia kamanda wa garisoni, tawi letu, ukurasa mzima, nikitarajia kufukuzwa. Jibu lake lilikuwa mistari miwili: tarehe ya trupu ijayo, na jina la hendla.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza, kwa simu, siyo kwa meseji: watoto ni akina nani, wametoka wapi, nani kati yao hapendi kelele. Blasta haitoki kabatini hadi mwenye shughuli aseme mwenyewe kwamba anaitaka. Kwenye kumbi kama ule naingia kwa mlango wa mbele, ndoo mkononi, nawasalimia wazee kwanza kama mtu mwenye adabu zake, halafu navalia mbele ya watoto, kipande kwa kipande, wakitaka wanisaidie kubonyeza velkro. Najua wakongwe wengine wanasema hiyo inaua uchawi. Waseme. Mimi nimeona watoto wakigombania nani abebe bamba la goti.

Na wewe wa Bukavu, hukuwa na haja ya kuelezwa haya na mtu wa Tanga. Wewe ndiye ungenieleza. Nimekaa na swali lako siku sita.

6. Yaliyobaki ni madogo. Hospitalini, muuguzi ndiye kamanda. Futa magamba kwa dawa kabla ya kila wodi, usipige picha ya mtoto hata akikuomba mwenyewe, na usimuulize mtoto yeyote atatoka lini. Utepe mweupe na gundi viwe kwa hendla, wewe huna mifuko. Nenda haja kabla hujavaa. Narudia: kabla hujavaa. Wa Mombasa anaelewa.

7. Kesho ni maktaba, saa nne asubuhi, mlango wa mbele. Fikeni saa tatu, na magamba kwenye boksi, siyo mwilini. Blasta zibaki nyumbani, nimeshaongea na mkutubi. Hendla ni mke wangu, na yeye haendi foleni ya chipsi. Aliyechukua bisibisi yangu ndogo yenye mpini mwekundu siku ya matembezi airudishe, feni ya kulia haizunguki.