Uliza Tukujibu: Unga wa Kufinyangia, Mpira wa Soksi na Simu ya Baba

SWALI: Mwanangu ana miaka mitatu na hachoki kufinyanga. Plastisini ya dukani ni ghali, nikaamua kumkandia unga wa ngano kwa maji na chumvi kiganja kimoja. Siku ya kwanza ulimganda vidoleni, siku ya tatu ukanuka chachu, siku ya nne ukaota ukungu. Nimekosea wapi? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, umepunja chumvi, na hukuupika. Chumvi hapa haiwekwi kwa ladha. Ndiyo inayozuia ukungu na chachu, kwa hiyo inapimwa kwa kikombe: nusu ya kipimo cha unga. Moto nao una kazi yake. Unga ukipikwa hufura na kuyashika maji. Ukiwa mbichi, maji hubaki huru, nao unga huganda mikononi.

Chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula na maji ya ndimu vijiko 2. Kikombe kiwe kilekile mwanzo hadi mwisho. Koroga vyote kwenye sufuria ungali baridi mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo. Songa kwa mwiko kama ugali. Kwa dakika mbili tatu utaona uji tu, kisha utaanza kukaza ghafla. Epua pale unapojikusanya donge moja na kuachana na sufuria, kwa kawaida baada ya dakika 5 hivi. Wengi huharibu hapa: wakiona bado unang'aa, huuacha motoni ukauke, na ukipoa unameguka. Ule mng'ao hupotea wakati wa kukanda. Mwaga kwenye sinia, subiri joto lipungue kiasi cha kuvumilika, ukande dakika 3. Ukanda wa mwisho mwachie mtoto. Mikono yake ikishika donge la uvuguvugu, utapata nusu saa ya kumenya viazi bila kuitwa.

Rangi usinunue. Manjano kijiko 1 cha chai hutosha, ila hutia doa, kwa hiyo mvalishe fulana iliyokwisha chakaa. Kwa wekundu, chemsha gao moja la choya kavu dakika 10, chuja, jazia maji yafike tena vikombe 2, uyatumie mahali pa maji ya kawaida. Ile ndimu ndiyo inayoushikilia wekundu. Bila asidi, choya huelekea zambarau iliyofifia. Mchicha uuache, kijani chake hugeuka kahawia upesi.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Huko kwenu pwani chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo unga ukilala nje usiku mmoja utaukuta umelowa. Ongeza kijiko cha unga mkavu, kanda, utarudi sawa. Ukiona doa moja la ukungu tupa donge zima, usikwangue. Na kaa naye karibu: unga huu una chumvi nyingi mno kuliwa. Kulamba kidogo hakumdhuru, lakini akimeza madonge anaweza kuugua. Ukimchoma vidole, tafuta mkwaruzo mkononi. Ni chumvi hiyo.

SWALI: Enzi zetu mpira wa mtaani tuliufunga kwa mifuko ya nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania mwaka 2019 haipatikani, na nguo tupu hunitokea mpira mzito unaofunguka. Mtoto ana miaka mitano. (Baba, Dodoma)

JIBU: Uzito unaondolewa katikati. Weka vipande vya sponji la godoro, ngumi moja ya mtu mzima, uvitumbukize kwenye ncha ya soksi. Sokota shingo ya soksi, igeuze irudi juu ya mpira, sokota tena, mpaka iishe. Kisha zungushia vitambaa vya fulana kuukuu vilivyokatwa upana wa sentimita 3. Baada ya kila mizunguko miwili, geuza mpira robo. Ukizungusha upande mmoja tu utapata yai.

Sasa nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu iliyopasuka. Ioshe, kisha ikate kwa kuizunguka kama unavyomenya chungwa, upate utepe mrefu wa sentimita 1. Uvute kiasi unapoufunga. Utepe huo wa tyubu ndio utakaobana nguo zisifunguke. Ncha ichomeke chini ya mizunguko mitatu, usifunge fundo kwa nje, maana fundo huumiza mguu. Valisha soksi ya pili na kushona mdomo kwa uzi wa nguvu. Ukipata upana wa sentimita 15 hivi, unatosha kabisa kwa miaka mitano. Haudundi sana, na ndani ya uwanja wenye madirisha hilo ni jema. Kama ana mdogo wake anayetambaa, kagua mshono kila siku: kipande cha sponji humkaba mtoto.

SWALI: Nafanya kazi Muscat, binti yangu wa miaka minne yuko Mombasa. Nikipiga simu ya video anasema "nimekula, niko sawa", halafu anakimbia. (Baba, Oman)

JIBU: Baba, unamhoji. Mtoto wa umri huo hana la kusimulia akiulizwa siku yake ilikuwaje, ila ana mengi ya kufanya. Mtegee vitendawili, vitatu tu kwa simu moja. "Kitendawili!" Naye aitike "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, dai mji, akupe Lamu au Malindi, ndipo umwambie ni yai. Kesho yeye ndiye akutegee, na wewe ushindwe makusudi, umpe Muscat. Vyake havitakuwa na maana yoyote. Vijibu hivyo hivyo.

Mwombe mama yake asimamishe simu kwenye kikombe badala ya kumshikia, ili binti awe na mikono huru kukuonyesha vitu. Na pigeni saa ileile: huko ulipo mko mbele kwa saa moja, kwa hiyo saa mbili usiku ya Mombasa, kabla hajalala, kwako ni saa tatu. Akikimbia baada ya dakika 4, mwache aende.