Winner, champion au hero? Neno la kuandika kwenye cheti na kikombe

Kazi yangu ni kuchapa vyeti na kuchonga maandishi kwenye vikombe na ngao hapa Dodoma mjini. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zikikaribia, walimu wanajaa dukani na karibu wote wanataka maandishi ya Kiingereza. Cheti kitakaa ukutani kwa wazazi miaka mingi, kwa hiyo kabla sijachapa chochote nauliza: huyu kamshinda nani, na kwenye nini?

Mwalimu akinijibu, "Mbio za mita 100, juzi Jumamosi," tunaandika "winner". Huyo ni mshindi wa shindano lile moja. "Champion" lina uzito zaidi, ni bingwa, mwenye taji mpaka mashindano yajayo. Timu ikishinda mechi ya makundi ni winner wa mechi hiyo tu. Champion tutamjua fainali ikipigwa, au ligi ikiisha.

Mwangalie Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, majirani zetu hapa. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili Boston Marathon. Septemba mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, akimpiku Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Kwa Tokyo ni "world champion". Kwa Boston ni "runner-up".

Hilo la runner-up ndilo linalonichosha koo. Wateja wengi wanaleta "second winner", kwa sababu sisi husema mshindi wa pili, mshindi wa tatu, na kwetu ni sahihi kabisa. Kwa Kiingereza winner wa mbio ni mmoja. Wa pili ni runner-up, wa tatu andika "third place". Na usiogope kutumia runner-up kwa sababu lina sauti ya kukimbia: aliyeshika nafasi ya pili kwenye kwaya au kwenye insha ni runner-up vilevile.

Sasa "hero", yaani shujaa. Neno hili watu wanaligawa kama pipi, nami nalitetea kwa moyo wote. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni akaumia goti. Hakutoka. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza wa kwanza. Wolde ndiye winner, ndiye Olympic champion. Akhwari alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, na hero wa siku ile kwetu ni yeye. Hero hahitaji kumshinda mtu. Anahitaji ujasiri na kujitoa. Ndiyo maana wale tunaowakumbuka kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni heroes, na kwa waliopoteza maisha vitani huandikwa "fallen heroes". Mtoto aliyeongoza hesabu darasani apewe sifa zake zote, lakini neno lake si hilo.

"Victor" lipo pia, ila lina harufu ya vita na hotuba nzito. Kwenye cheti cha shule liache.

Wanaoandaa ngao za ofisini nao wawe macho. Daktari bingwa ni "specialist". Ukimwandika champion, msomaji atadhani kuna mashindano ya kutibu. Lakini mtu aliyepigania jambo kwa miaka, tuseme elimu ya wasichana, unaweza kumwita "champion of girls' education", na hapo maana yake ni mtetezi. Bila hiyo "of" na jambo lenyewe, anageuka bingwa wa michezo.

Kwa mwanamke shujaa, hero linatosha siku hizi. Ukitaka "heroine", hakikisha ile e ya mwisho ipo, maana ikidondoka unabaki na jina la dawa za kulevya. Na wingi wa hero ni "heroes", yenye es.