Pesa ya Jumanne

Swali la wiki hii linasema: "Mwanao akiomba umsomeshe shahada ya muziki, je, hela hiyo itarudi?" Nalijibu nikiwa mtu aliyesoma shahada hiyohiyo katika chuo kimoja cha umma, akamaliza mwaka 2014 kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Sasa nina mtoto wa dada yangu aliyemaliza kidato cha sita, naye anataka njia hiyohiyo. Tangu atoke kwenye mitihani hana wimbo mwingine: "Mama mdogo, lakini inalipa?"

Inalipa. Ila msitafute malipo yake jukwaani.

Jukwaani hakuna anayekuuliza cheti. Kaka yangu anapiga gitaa la besi na hajakanyaga chuo. Alijifunzia kanisani, akaingia bendi ya harusi akiwa na miaka 19. Mimi nipo mwaka wa pili nasubiri bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, yeye ananitumia nauli. Sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, ibada Jumapili. Enzi hizo usiku mmoja ulikuwa elfu hamsini, ukumbi mkubwa elfu themanini. Miaka mitatu niliyokaa darasani alikuwa ameniacha kwa mamilioni, na mzazi anayepiga hesabu aiweke hiyo miaka mitatu kwenye mizani kabla hata hajafika kwenye ada.

Lakini Jumanne kaka yangu hana kazi. Kwaresima ikiingia harusi za Kikristo zinasimama, Ramadhani ikiingia na zile nyingine zinasimama. Kuna miaka miezi hiyo inafuatana, nyumba yake inaishi kwa madeni ya dukani. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua kwa mkopo. Shahada ya muziki ni tiketi ya pesa ya Jumanne, siku ambayo hakuna harusi wala ibada, na anayekulipa ni mtu anayehitaji ulichokisoma, si shangwe.

Ni nani huyo? Wa kwanza ni shule binafsi, hasa zinazofuata mitaala ya kimataifa. Zinataka mwalimu anayesoma nota na kufundisha nadharia, na cheti wanakiomba kabla hujagusa kinanda. Wapo wazazi wanaotaka watoto wao wafanye mitihani ya piano ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza yenye gredi 1 hadi 8. Wengi wao hawataki mwalimu wa kubahatisha, maana mtoto akifeli wamepoteza ada ya mtihani. Zipo halmashauri zinazoajiri maofisa utamaduni. Tangazo likitoka, kigezo cha kwanza ni shahada. Bendi za polisi na za jeshi nazo zina mishahara, ila huko unaweza kuingia bila shahada, kwa hiyo siziweki kwenye hesabu hii.

Halafu zipo kwaya. Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa solfa, zile d, r, m, f zinazoandikwa juu ya maneno. Watunzi ni wengi na wazuri, lakini wengine nyimbo zao zinakaa kichwani tu. Mwenyekiti wa kwaya anakuja na simu, ndani yake mzee wao anaimba huku anapiga meza kwa vidole. Naisikiliza mara kumi, mara kumi na tano. Sauti ya kwanza inakuja haraka, alto inachelewa, tenor unaitafuta, na besi mara nyingi mzee hajaiimba kabisa, inabidi uijenge mwenyewe kutokana na anakokwenda. Naandika nota za mistari mitano kwa ajili ya mpiga kinanda, na solfa chini yake kwa waimbaji. Wimbo mmoja ni shilingi elfu arobaini. Mwaka jana niliandika nyimbo 31, ambazo ni shilingi 1,240,000, na karibu zote niliziandika katikati ya wiki, watoto wakiwa wamelala. Hakuna aliyenifundisha kazi hii mtaani. Niliipata kwenye somo la kusikiliza na kuandika, somo ambalo darasa zima tulilichukia.

Sasa deni, maana wanaojibu "fuata ndoto zako" huwa hawaligusi.

Mkopo wangu ulikuwa milioni 8 na laki nne. Shule iliyoniajiri ilianza kunilipa laki sita na nusu kwa mwezi, na makato wakati huo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, yaani shilingi 52,000. Lakini deni lilikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka ya deni lililobaki. Asilimia 6 ya milioni 8.4 ni 504,000 kwa mwaka, sawa na 42,000 kila mwezi. Tazameni hapo. Nakatwa 52,000, tozo inakula 42,000, deni lenyewe linapungua kwa elfu kumi. Nilikaa na karatasi yangu ya mshahara na kikokotoo cha simu nikapiga hesabu hiyo mara tatu, nikidhani nimekosea mahali. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato yakapanda hadi asilimia 15: 97,500 zinaondoka kabla sijaiona hela. Yaliniuma sana, ingawa angalau deni lilianza kusogea. Kilichoniokoa ni kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 mwaka 2021. Kuanzia hapo kila shilingi niliyokatwa ilikwenda kwenye deni. Nilimaliza Machi 2025. Zaidi ya miaka kumi.

Na mimi nilikuwa na ajira. Wenzangu waliotoka pale wakategemea kurekodi na majukwaa, deni liliendelea kukua bila wao kukatwa chochote, na siku walipopata kazi rasmi walikuta si lile waliloliacha.

Kwa hiyo swali la mzazi lisiishie kwenye ada. Muulize mtoto anataka kufanya nini na muziki. Kama ni kupiga, iko TaSUBa Bagamoyo, ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, yenye cheti na stashahada. Na kule Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna Dhow Countries Music Academy (DCMA), chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambacho tangu mwaka 2002 kinafundisha ala za nyuzi kama udi na qanun, pamoja na taarab, kwa mikono ya watu wanaoviishi. Usimpeleke chuo kikuu akajifunze kushika chombo. Huko nilikosoma tulikuwa na kinanda kimoja kinachofanya kazi, wanafunzi zaidi ya ishirini, na zamu yangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama siku ya kwanza nisingekuwa najua kupiga, nisingejua hadi leo.

Kama ni kufundisha, kuandika na kupanga sauti, shahada ina thamani, nami ningeilipia. Ningemtaka tu achukue na masomo ya ualimu yanayoruhusiwa, na aanze kufundisha mtoto mmoja wa jirani mwaka wa kwanza, asisubiri mahafali.

Huyu binti wa dada nilimpa mtihani. Nilimrushia ile sauti ya mzee anayepiga meza, nikamwambia aniletee sauti nne kwa solfa baada ya wiki mbili. Shikamoo yake ya Jumapili ilikuja na daftari. Soprano sawasawa. Alto ina makosa mawili ya kawaida. Tenor ameiandika, akaifuta, akaiandika tena mpaka karatasi imetoboka. Mistari ya besi iko mitupu.

"Mama mdogo, besi sikuisikia."

Nikamwambia mzee hakuiimba. Akanitazama, akavuta kiti, akaiomba ile penseli.